Sakichi Toyoda, fundi wa mbao aliyefundisha mashini kusimama zenyewe

Katika barabara za Goma, Bukavu, Butembo ao Kalemie, ni vigumu kutembea dakika tano bila kuona neno Toyota limeandikwa nyuma ya gari. Kuna gari za mashirika, za jeshi, za wafanyabiashara wanaopeleka mizigo hadi Walikale, na zile teksi kuukuu ambazo mafundi wa garaji wanakataa zife. Jina hilo lilitokana na mtu ambaye hakutengeneza gari hata moja. Sakichi Toyoda alikuwa mtoto wa fundi wa mbao kutoka kijiji kimoja cha Japani. Alifariki mwaka 1930, miaka saba mbele ya kampuni ya Toyota Motor kuundwa. Kazi ya maisha yake ilikuwa mashini za kufuma vitambaa.

Alichowaachia wengine ni namna ya kufikiri ambayo leo inatumiwa na viwanda, mabanki na makampuni ya simu: mashini inayofanya kazi bila mtu kuishika inapaswa kutambua kosa wakati uleule kosa linapotokea, na kusimama mbele kosa hilo halijageuka hasara. Jambo hilo linaonekana jepesi likisemwa. Kulitekeleza kulimchukua karibu miaka 35, na kulimgharimu ndoa yake ya kwanza na nafasi yake katika kampuni iliyobeba jina lake.

Toyoda alizaliwa tarehe 14 Februari 1867 katika kijiji cha Yamaguchi, ambacho leo ni sehemu ya mji wa Kosai, jimbo la Shizuoka. Mwaka uliofuata utawala wa zamani wa Japani ulianguka, na serikali mpya ikaanza kufungua nchi kwa viwanda na elimu ya kigeni. Nyumbani kwao hakukuwa na utajiri. Baba yake alilima na kufanya kazi ya mbao, naye kijana, alipomaliza shule ya msingi, alishika randa na msumeno kama baba yake. Hakusoma chuo chochote cha ufundi.

Kijijini wanawake, mama yake akiwemo, walifuma vitambaa vya pamba nyumbani. Ilikuwa kazi ya kuchosha. Mfumaji alirusha chombo kidogo cha mbao kinachobeba uzi, naveti, kwa mkono mmoja na kukipokea kwa mkono wa pili, mara elfu kadhaa kwa siku, ili kupata kitambaa kisicholingana na jasho lake. Mwaka 1885 Japani ilitoa sheria ya kulinda haki za wavumbuzi. Toyoda alikuwa na miaka 18. Habari ya sheria hiyo ilimfikia, na akaamua kwamba atakuwa mvumbuzi, na kwamba ataanza na kile alichokiona kila siku. Wanakijiji walimwona kama mtu aliyepotea: anajenga kitu, anakivunja, anakijenga tena, na shamba linamngoja.

Mwaka 1890 alikwenda Tokyo kwenye maonyesho makubwa ya viwanda. Mashini za kigeni zilikuwa zimepangwa pale, naye alirudi siku baada ya siku kuziangalia, akijaribu kuelewa kila gurudumu linasukuma nini. Mwaka huohuo alimaliza mashini yake ya kwanza, ya mbao tupu, ambayo mfumaji aliweza kuitumia kwa mkono mmoja. Alipewa hati ya uvumbuzi mwaka 1891. Kazi ya mfumaji iliongezeka kwa asilimia 40 hadi 50 na kitambaa kilitoka kizuri zaidi, lakini nguvu bado ilikuwa ya binadamu. Karakana ndogo ya kufuma aliyoifungua Tokyo haikudumu. Alirudi kwao bila makuta.

Mwaka 1894 alitengeneza kifaa cha kukunja nyuzi ambacho kiliuzwa vizuri, na kikampa pesa za kuendelea. Mwaka huo pia alizaliwa mtoto wake Kiichiro. Mama wa mtoto hakukaa. Muda mfupi baada ya kujifungua alirudi kwa wazazi wake, akiwa amechoka na mume ambaye siku zote alikuwa ndani ya karakana, na mtoto alilelewa kwanza na nyanya na babu yake. Vitabu vingi vinavyomsifu Toyoda vinapita haraka sana mahali hapa.

Uzi ukikatika

Mwaka 1896 ndipo alipofikia jambo ambalo jina lake linakumbukwa kwalo. Alikamilisha mashini ya kufuma ya mbao na chuma iliyosukumwa na mvuke, ya kwanza ya aina hiyo kutengenezwa Japani. Ndani yake aliweka kifaa kidogo kilichohisi kama uzi umekatika ao umekwisha ndani ya naveti. Uzi ukikosekana, mashini ilisimama yenyewe.

Ili kuelewa uzito wa kifaa hicho, mtu afikirie kazi ya kufuma jinsi ilivyo. Kitambaa kinajengwa kwa nyuzi mamia zilizonyooshwa kwa urefu, zinazoitwa mtande, na uzi mmoja unaopita kati yao kwa kukingama, unaoitwa mshindio. Mfumaji wa mkono akikata uzi, vidole vyake vinajua palepale. Mashini haina vidole. Uzi ukikatika, inaendelea kupiga kwa kasi ileile, na kila pigo linaongeza kitambaa chenye kasoro. Mashini haichoki, kwa hiyo hata kosa lake halichoki. Mita nyingi zinaharibika mbele mtu hajaona, na mwenye duka aliyenunua kikwembe chenye mstari mtupu katikati hatarudi tena.

Wenye viwanda wa wakati ule walikuwa na dawa moja: kuweka mtu mbele ya mashini. Wasichana walisimama siku nzima ndani ya kelele ambazo wazee wa Kalemie waliofanya kazi katika kiwanda cha Filtisaf wangezitambua bila kuelezwa, macho yao yakifuata nyuzi. Mashini ilifanya kazi, na mtu akawa mlinzi wake. Toyoda aliona kwamba hapo hakuna faida ya kweli. Kama kila mashini inahitaji mtu wa kuilinda, basi mtu hajapumzishwa. Amebadilishiwa tu mateso.

Haifai kumpa sifa zisizo zake. Waingereza walikuwa na vifaa vya kusimamisha mashini uzi unapokosekana tangu miaka ya 1840, na mwaka 1894 kampuni ya Draper huko Marekani ilianza kuuza mashini ya Northrop, iliyobadilisha uzi yenyewe na kusimama nyuzi za mtande zinapokatika. Toyoda hakuwa wa kwanza duniani. Kilichomtofautisha ni kwamba kwake kusimama hakukuwa kifaa cha kuongezea mwishoni. Kila mashini aliyoitengeneza baadaye ilianza na swali la kitu gani kinaweza kuharibika hapa, na mashini itajuaje.

Kitambaa kutoka mashini zake kililingana kutoka mwanzo hadi mwisho, na kampuni kubwa ya biashara ya Mitsui ilikiona. Mwaka 1899 kampuni iliundwa pamoja na Mitsui ili kutengeneza mashini zake. Halafu uchumi ukaanguka, wakubwa wakaanza kuhesabu pesa za utafiti kama pesa zinazotupwa, na Toyoda akatoka. Mwaka 1907 kampuni nyingine iliundwa kwa pesa za wafanyabiashara, ikiwa na jina lake. Hadithi ikajirudia. Yeye alitaka kila mashini mpya ijaribiwe kwa muda mrefu, katika kiwanda cha kweli, na nyuzi za kweli, mbele ya kuuzwa. Wenye hisa walitaka mashini ziuzwe. Mauzo yaliposhuka, mwaka 1910 wakamwomba aondoke. Alikuwa na miaka 43.

Huenda wenye hisa walikuwa na haki ya kuogopa. Pesa ilikuwa yao, na mvumbuzi huyu hakujua kusema kazi imekwisha. Lakini kuhusu majaribio, yeye ndiye aliyekuwa ameona mbali. Mashini zake za awali zilikuwa zimemfundisha kwamba kifaa kinachofanya vizuri karakanani, chini ya macho ya aliyekitengeneza, kinaweza kushindwa mbele ya mfanyakazi ambaye hajawahi kukiona, na nyuzi ambazo ubora wake unabadilika kila juma.

Mwaka huohuo wa 1910 alipanda meli kwenda Marekani na baadaye Ulaya. Alitembelea viwanda vya kufuma, akaangalia mashini za kampuni zilizokuwa mbele ya Japani, akarudi na hakika kwamba mawazo yake hayakuwa duni. New York alikutana na Jokichi Takamine, mkemia Mjapani aliyejulikana kwa kutenga adrenalini, ambaye alimsihi asiache uvumbuzi wake mikononi mwa wengine hadi ufanye kazi kweli. Alirudi nyumbani mwanzoni mwa mwaka 1911, na mwaka huo akajenga kiwanda chake mwenyewe Nagoya. Safari hii alifuma vitambaa na kuviuza, na faida ya vitambaa ikalipa majaribio ya mashini. Hakuna mwenye hisa aliyeweza kumfukuza tena.

Biashara ilikua haraka wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Ulaya ilipokuwa haiwezi kuuza vitambaa Asia. Mwaka 1918 kiwanda kiligeuka kampuni, na mwaka 1921 Toyoda alianzisha kampuni nyingine Shanghai, China, ambako aliishi kwa muda. Kiichiro, yule mtoto aliyelelewa na babu yake, sasa alikuwa mhandisi kutoka Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo, na mwaka 1921 akaingia kazini kwa baba.

Mashini yenye vilinzi 24

Mashini aina ya G, iliyokamilika mwaka 1924, ilikuwa kazi ya wote wawili. Tatizo la zamani lilikuwa hili: uzi wa naveti ukikaribia kwisha, mashini ilisimama, mtu akaja kubadilisha, kisha ikaanza tena. Aina ya G ilihisi kwamba uzi unakaribia kwisha, ikasukuma naveti mpya mahali pa ile ya zamani bila kupunguza kasi. Kwa kosa ambalo mashini ingeweza kulitatua, ilijitatulia. Kwa kosa ambalo haikuweza, ilisimama na kumngoja mtu.

Nyuzi za mtande zililindwa kwa namna ambayo mtoto anaweza kuielewa. Kila uzi ulining'iniza kipande chembamba cha chuma. Uzi ukiwa mzima na umekazika, kipande kinabaki juu. Ukikatika, kinaanguka kwa uzito wake, kinazuia chuma kinachocheza chini yake, na mashini inasimama. Umeme hauhitajiki, wala jicho la mtu. Mamia ya nyuzi zinalindwa kwa pamoja, kila moja na mlinzi wake, na kipande kilichoanguka kinamwonyesha mfanyakazi ni uzi gani hasa. Hilo la mwisho si jambo dogo. Kengele inayosema tu kwamba kuna shida ndani ya nyumba inamwacha mtu akitafuta chumba kwa chumba.

Kwa jumla mashini aina ya G ilikuwa na vifaa 24 vya kujiendesha, vya ulinzi na vya usalama. Mfanyakazi mmoja aliweza kusimamia mashini 30 hadi 50, kwa sababu hakuhitaji kuangalia zile zinazokwenda sawa. Alikwenda tu kwa ile iliyosimama. Mwaka 1926 kiwanda cha kuzitengeneza kilifunguliwa Kariya. Sheria ilisaidia pia soko: mwaka 1929 Japani ilikataza wanawake kufanyishwa kazi usiku wa manane viwandani, na wenye viwanda waliopoteza saa hizo walihitaji mashini zinazozalisha zaidi kwa watu wachache. Wasichana walipumzika usiku. Wengi wao pia hawakuhitajika tena mchana, na Toyoda hakuwa na jibu kwa hilo.

Mwezi Desemba 1929, kampuni ya Platt Brothers ya Oldham, Uingereza, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imeiuzia Japani mashini zake, ilitia saini mkataba wa kununua haki ya kutengeneza mashini ya Toyoda kwa paundi 100,000. Kiichiro ndiye aliyesafiri kwenda kuzungumza nao. Mara nyingi husimuliwa kwamba pesa hizo zote ndizo zilizozaa gari za Toyota. Wanahistoria waliochunguza hesabu wanaonyesha mambo hayakuwa rahisi hivyo: bei ilipunguzwa baadaye, na sehemu ya pesa iligawiwa wafanyakazi. Lakini kwamba Waingereza walilipa ili kumwiga fundi wa mbao wa Kosai, hilo liliandikwa na kutiwa saini.

Sakichi Toyoda alifariki tarehe 30 Oktoba 1930, akiwa na miaka 63. Mwaka 1933 Kiichiro alifungua idara ya magari ndani ya kampuni ya mashini za kufuma, na mwaka 1937 Toyota Motor ikasimama kama kampuni yenyewe. Herufi moja ya jina la familia ilikuwa imekwisha kubadilishwa, kutoka Toyoda kuwa Toyota.

Aliyeingiza fikra ya mzee katika kazi ya magari ni Taiichi Ohno, ambaye alianza katika kiwanda cha kufuma cha familia mwaka 1932, akahamia kwenye magari mwaka 1943. Ohno alikuta mafundi wa magari wakifanya kile ambacho Sakichi alikipinga: kosa linafichwa, gari linasonga mbele, na mwishoni kabisa mkaguzi anajaribu kulikamata. Akaweka utaratibu kwamba mfanyakazi yeyote akiona tatizo, anayo ruhusa ya kusimamisha mstari mzima, na taa inawaka juu kuonyesha ni wapi. Wajapani wanaita jambo hilo jidoka. Katika maandishi ya Toyota, neno la kawaida la kujiendesha lilibadilishwa kidogo: ndani ya herufi yake iliongezwa alama ya mtu.

Leo sehemu kubwa ya kazi zinazojiendesha hazifumi kitu cha kushikwa. Ni maagizo, malipo na hesabu ndani ya kompyuta, na uzi unaokatika hauonekani. Mtu wa Uvira anayetuma makuta kwa telefoni anajua kwamba akikosea namba ya siri mara kadhaa, akaunti yake inafungwa. Pengine anakasirika. Ni kipande cha chuma kimeanguka.

Mahali ambapo hakuna kipande kama hicho, hasara inakwenda kwa kasi ya mashini. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Marekani ya Knight Capital, iliyonunua na kuuza hisa kwa kompyuta, ilianza siku na programu mpya ambayo ilikuwa imewekwa katika kompyuta zake saba kati ya nane. Ya nane ilibaki na programu ya zamani, ambayo iliamka na kuanza kutuma maagizo bila kikomo. Kwa dakika 45 hakuna aliyeweza kuizuia. Kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 440, na mwaka uliofuata haikuwepo tena peke yake; iliunganishwa na nyingine. Wakaguzi wa serikali ya Marekani waligundua baadaye kwamba asubuhi ile, soko halijafunguliwa, mfumo wenyewe ulikuwa umetuma barua pepe 97 kwa wafanyakazi zikitaja hitilafu. Hazikuwa zimepangwa kama kengele, na hakuna aliyezishughulikia. Mashini ilihisi kosa, lakini haikuwa na ruhusa ya kusimama.

Ohno alimhusisha pia Sakichi na desturi ya kuuliza kwa nini mara tano. Mashini imesimama: kwa nini? Uzi umekatika. Kwa nini umekatika? Na kuendelea hivyo, hadi kufika pale penye kitu cha kubadilisha. Bila maswali hayo, kusimama kunakuwa usumbufu tu, na baada ya mwezi mmoja mtu atafunga kile kifaa kwa waya ili mashini iendelee.

Kiwanda alichokijenga Nagoya mwaka 1911, baada ya kufukuzwa, kimekuwa makumbusho tangu mwaka 1994. Matofali mekundu ya zamani yamehifadhiwa, na mashini za kufuma bado zinawashwa mbele ya wageni. Karibu na mlango kuna mashini moja ya duara, iliyotokana na uvumbuzi wake wa mwaka 1906, inayofuma kwa kuzunguka badala ya kurusha naveti huku na huku. Alirudi kwenye wazo hilo mara nyingi katika maisha yake, na hakuwahi kulitoa sokoni kwa sababu hakuona kama liko tayari. Magari yako katika jengo la pili, ambalo mgeni analifikia baada ya kupita kwenye nyuzi.